Ndege ya mtumba kuvuka Bahari ya Hindi hadi Dar: tathmini ya huduma ya kuletewa ATR

Shirika dogo la hapa Dar likishanunua ATR 72-500, ndege ya abiria ya panga boi mbili, iliyotumika Indonesia au Malaysia, linabaki na swali ambalo wauzaji hulipitia haraka: itafikaje? Ndege ya aina hii haipakiwi kwenye meli. Inaruka yenyewe, tupu, kisiwa kwa kisiwa, na kwa kawaida inaletwa na kampuni ya nje inayouza kazi hiyo: marubani wawili, fundi mmoja ukimlipia, vibali vya anga, mafuta, bima na hoteli za njiani. Hapa tunapima huduma hiyo jinsi inavyouzwa kwa waendeshaji wadogo. Kampuni hatuzitaji. Marubani wale wale hufanyia kampuni kadhaa, na ubora wa safari huonekana kwenye mkataba na kwenye karatasi ya mafuta kabla ya kuonekana kwingine kokote.

Hukumu yetu tunaitoa mapema. Kifurushi chenye fundi ndani ya ndege na safari ya majaribio kabla ya bahari kinastahili bei yake. Kifurushi cha marubani peke yao kinamfaa tu mwenye idara ya ufundi inayoweza kutuma watu wawili huko ndege ilikolala, wakae nayo hadi iwe tayari. Kile cha bei moja kwa kila kitu, mafuta na ada zote ndani, huwa ghali kuliko inavyostahili, kwa sababu muuzaji anajikinga na bei ya mafuta asiyoijua bado. Mafuta lipa mwenyewe kwa risiti.

Kabla ya kuuliza bei, omba hesabu ya mafuta ya kipande kirefu zaidi cha safari. Kampuni inayojua kazi itakutumia siku hiyo hiyo. Inayokujibu kwamba "ATR inafika bila shida", achana nayo.

Njia inayotumika zaidi kwa ATR inayotoka upande huo ni Medan, Colombo, Malé au Gan huko Maldivi, Mahé ya Ushelisheli, kisha Dar. Medan hadi Colombo ni kama maili za baharini 1,150. Colombo hadi Malé ni karibu 410. Malé hadi Mahé ni 1,200 na ushee, na Mahé hadi Dar ni takriban 980. Kipande cha kuogopa ni Malé–Mahé, na sababu si urefu wake tu. Ukikosa kutua Mahé hakuna pa kwenda. Praslin iko jirani, lakini njia yake ya kurukia ni fupi, kama mita 1,400, na mvua inayofunga Mahé mara nyingi inafunga Praslin pia. Kwa hiyo Mahé inahesabiwa kama uwanja uliojitenga, na kanuni ya kimataifa inataka ndege ya injini za tabini ifike juu ya uwanja wa namna hiyo ikiwa na mafuta ya saa mbili za mwendo wa kawaida, akiba ya mwisho ikiwa ndani yake.

Sasa fanya hesabu. ATR 72-500 inabeba kilo 5,000 za mafuta, yaani kama lita 6,250. Ikiwa tupu, panga kwa mwendo wa noti 260 (maili za baharini kwa saa) na mafuta ya kilo 650 kwa saa. Maili 1,200 ni saa 4 na dakika 37, sawa na kilo 3,000. Ongeza 150 za kuwasha, kutembea ardhini na kupanda, 150 nyingine za dharura, na 1,300 za saa mbili. Jumla ni 4,600, na tangi linakubakishia 400. Inatosha. Lakini weka upepo wa noti 30 usoni: mwendo juu ya maji unashuka hadi 230, safari inafika saa 5 na robo, mafuta ya njiani yanapanda hadi karibu 3,400, na jumla inafika karibu kilo 5,000, yaani tangi lote. Ndege ile ile, njia ile ile, na hakuna kinachobaki.

Ndiyo maana Gan ni muhimu. Kutoka Colombo ni kama maili 620, na kutoka Gan hadi Mahé ni karibu 1,090. Kwa upepo ule ule wa noti 30 usoni, hesabu ya Gan–Mahé inakuja karibu kilo 4,700. Kampuni nzuri inaweka Gan na Malé zote mbili kwenye vibali tangu mwanzo, halafu inachagua asubuhi ya safari kwa kuangalia upepo wa futi 18,000 hadi 20,000. Angalia neno hilo: upepo wa juu. Kaskazi na kusi tunazozijua sisi wa pwani ni pepo za chini. Anayekuambia "ni msimu wa kaskazi, tutasukumwa" hajafungua ramani ya upepo wa kiwango ndege itakachoruka. Na mafuta ya Gan yathibitishwe kwa maandishi na wakala wa pale, kiasi na saa.

Hesabu ya pili ya kudai ni ya nukta ya muda sawa, mahali ambapo kurudi na kuendelea kunachukua muda ule ule. Marubani wasio makini huiweka katikati ya ramani. Chukua Gan–Mahé, maili 1,090, injini moja imezimwa, mwendo noti 200, upepo wa noti 20 mgongoni. Kuendelea ni noti 220, kurudi ni 180. Nukta inaangukia maili 490 kutoka Gan, wakati katikati ni 545. Ndani ya hizo maili 55, rubani aliyeweka katikati atageuka kurudi wakati Mahé iko karibu zaidi kwa saa. Tena taka hesabu hiyo mara tatu: injini moja imekufa, hewa ya kabini imevuja na injini zote zinafanya kazi, na yote mawili kwa pamoja. Ya hewa ya kabini ndiyo inayosahaulika. Kabini ikivuja ndege inalazimika kushuka hadi kama futi 10,000, na huko chini kila maili inakula mafuta mengi kuliko juu. Kwenye ndege za panga boi mara nyingi hali hiyo ndiyo inayoamua mafuta ya chini kabisa ya safari.

Mwenye Dash 8-300, ndege nyingine ya panga boi, asinakili njia hii. Matangi yake ya kawaida yana kama kilo 2,500, na saa nne na nusu za bahari pamoja na saa mbili za akiba hazitoshi humo. Ama unafunga matangi ya ziada ndani ya kabini, kazi ya wiki kadhaa yenye kibali chake, ama unazunguka kwa mwambao: Mumbai, Muscat, Salalah, Djibouti, kisha Addis Ababa au Nairobi. Ada za kutua zinakuwa nyingi na vibali vinakuwa vingi, lakini hakuna kipande kinachozidi maili 1,000. Kwa Dash 8-300 sisi tunapendekeza mwambao bila kusita.

Upande wa ufundi ndiko huduma hizi zinakopishana sana. Ndege ya mtumba huwa imelala miezi, pengine zaidi ya mwaka, kwenye joto na unyevu. Kampuni ya bei rahisi inatuma marubani, wanawasha, wanaona taa zote zimezima, wanaondoka. Kinachotakiwa ni fundi kufika siku kadhaa kabla, mwenye orodha. Aanze na mafuta yaliyokaa tangini. Achote sampuli kwenye kila tundu la kutolea maji chini ya bawa, kwenye chupa ya kioo, aitazame juani. Maji yanakaa chini, mafuta juu, na katikati ukiona utando wa kahawia unaoteleza kama ute, humo kuna viumbe vinavyoota ndani ya mafuta. Kutoa maji peke yake hakumalizi tatizo hapo. Matangi yanatakiwa kutibiwa kwa dawa, na filta za injini zibadilishwe kabla ya safari na zikaguliwe tena baada ya kipande cha kwanza, maana uchafu uliokufa unajitenga na kuta za tangi ndege ikishaanza kutikisika.

Mirija ya kupimia mwendo iangaliwe kwa macho na kwa kipimo. Nyigu wa udongo hujenga humo kwa muda mfupi sana kwenye viwanja vya nchi za joto, hata ndege ikisimama siku chache bila vifuniko. Udongo kidogo tu unatosha kufanya kipimo cha mwendo cha rubani mmoja kitofautiane na cha mwenzake, na rubani hatajua hadi yuko mbioni kwenye njia ya kurukia. Kwa hiyo vifuniko viwemo ndani ya ndege na vivalishwe kila kituo, Gan na Mahé zikiwemo.

Raba za milango hukauka. Zikikauka kabini inavuja polepole, na ardhini huioni. Tairi zilizosimama mahali pamoja zinapata ubapa. Betri zinazosemwa "zimechajiwa" zipimwe uwezo wake. Panga boi zizungushwe kwa mkono huku fundi akitafuta oili inayotoka kwenye mashina ya mapanga, kwa sababu sili zilizokaa kavu huvuja zinaporudi kazini. Ndani ya injini aingize kamera ya kuchungulia, picha zihifadhiwe na zitumwe Dar kabla ya ndege kuondoka. Ukikosa picha hizo umenunua mbuzi kwenye gunia.

Kisha safari ya majaribio: saa mbili, juu ya nchi kavu, hadi urefu ule ule utakaotumika baharini. Humo wanapima kabini ikishika hewa kamili, nguvu na joto la injini ya kushoto dhidi ya kulia, panga boi kugeuza mapanga yake kukata upepo injini inapozimwa, mfumo wa kuzuia barafu, na rada ya hali ya hewa kwa kuielekeza kwenye mawingu halisi. Baada yake kipande cha kwanza kiwe cha ndani, kwa mfano Jakarta hadi Medan, ndipo bahari. Oili isomwe kila kituo, muda ule ule baada ya kuzima, ndani ya nusu saa, na iandikwe. Thamani ya namba hizo ni mfululizo wake: injini iliyokunywa kiasi fulani Jakarta–Medan na mara mbili yake Medan–Colombo haipaswi kuondoka Colombo hadi sababu ijulikane. Makopo ya oili ya aina ile ile iliyomo kwenye injini yawemo ndani ya ndege. Visiwani usitegemee kuyapata.

Vipuri vya kubeba: tairi moja ya nyuma na moja ya mbele, seti ya breki, jenereta-stata moja, plagi za kuwashia, filta, na jeki. Ukiwa umekwama Gan bila tairi, siku za kusubiri mzigo zinalipiwa hoteli, posho za marubani na maegesho. Fundi aliyemo ndani ya ndege hurudisha gharama yake kwenye tukio moja tu la namna hiyo.

Redio ya HF, ile ya mawasiliano ya mbali, inahitaji aya yake. ATR nyingi zilizofanya kazi za ndani ya nchi huko Asia hazina HF kabisa, au zina moja iliyokufa bila mtu kujali, kwa sababu hazikuihitaji. Katikati ya Maldivi na Ushelisheli redio ya kawaida haifiki popote. Kasoro tuliyoizoea ni redio inayosikia vizuri lakini sauti yake haitoki: kifaa cha kulinganisha antena kimeingia unyevu. Jaribio la ndani la redio linapita, taa ni ya kijani, na bado hakuna anayekusikia. Jaribio la kweli ni kuita kituo kilicho mbali ukiwa ardhini na kujibiwa, na mkataba utaje hivyo. Simu ya setilaiti iwepo kama nyongeza, haichukui nafasi ya HF. Ndege ikikaribia anga la Afrika marubani watangaze nafasi zao pia kwenye masafa ya 126.9, utaratibu ambao marubani wa Asia wanaokuja huku kwa mara ya kwanza huwa hawaujui.

Boti ya mpira na jaketi za kujiokolea ziangaliwe tarehe. Kifaa cha kutoa ishara ya dharura cha masafa ya 406 kina namba ya nchi ndani yake. Ndege ikishasajiliwa 5H, alama ya usajili ya Tanzania, na kifaa kikaachwa na namba ya zamani, ishara ikitoka taarifa za mwenyewe zitatafutwa nchi nyingine. Transponda, kifaa kinachoijibu rada ya ardhini, nayo ina anwani ya biti 24 inayofuata usajili. Mambo haya mawili yanasahaulika kuliko yote, na yanaweza kufanywa siku moja na fundi wa avioniki kabla ya kuondoka.

Usajili uamuliwe mapema. Ndege inaweza kuja na usajili wa zamani, au ikabandikwa 5H kabla ya kuruka kwa hati za muda za TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) pamoja na kibali maalumu cha safari ya kuletwa. Njia ya pili tunaipenda zaidi kwa sababu bima na umiliki vinakaa upande mmoja, lakini inataka nchi inayouza iwe imefuta usajili wake na kutoa cheti cha kusafirisha ndege nje. Barua ya kufuta usajili ikichelewa, vibali vyote vya anga vilivyoombwa kwa namba mpya vinasimama. Kibali maalumu kinasema wahudumu wa safari tu. Marafiki wa mwenye ndege wanaotaka kupanda Mahé wapande ndege ya abiria.

Kuhusu muda: Mahé ina njia ya kurukia kando ya bahari upande wa mashariki, na milima inapanda papo hapo pembeni, Morne Seychellois ukiwa na mita 905. Tunataka ndege itue kule mchana. Ondokeni Gan alfajiri. Ukanda wa mvua wa ikweta unahama na miezi, na kati ya Maldivi na Ushelisheli utakutana nao mahali fulani. ATR haiwezi kupanda juu ya mawingu hayo, inayazunguka, na kuzunguka ni mafuta. Kilo 400 zilizobaki kwenye hesabu ya Malé kumbe si nyingi. Vimbunga vya Novemba hadi Aprili hupita zaidi kusini, kwa hiyo Mahé yenyewe huathirika mara chache.

Kwa anayenunua Ulaya maelezo ni mafupi. Toulouse, Heraklion, Misri, kisha kusini. Njia ya zamani ya kupitia Khartoum ilifungwa vita vilipoanza Aprili 2023, kwa hiyo ndege zikaanza kufuata Bahari ya Shamu kupitia Jeddah hadi Djibouti au Addis. Anayenunua Kanada ana Atlantiki ya Kaskazini: njia iliyozoeleka imekuwa Goose Bay, Narsarsuaq huko Greenland, Iceland, kila kipande chini ya maili 700. Narsarsuaq iko ndani kabisa ya ghuba nyembamba kati ya milima, na tangu Novemba 2024 Nuuk, huko huko Greenland, ina njia ya kurukia ya mita 2,200, jambo lililorahisisha mipango. Huko adui ni barafu kwenye bawa na maji ya baridi, na mavazi ya kuzuia maji kwa kila aliyemo ni lazima.

Bima isome kwa makini. Marubani watajwe kwa majina kwenye bima ya ndege. Kampuni ikibadilisha rubani siku mbili kabla, bima ithibitishe upya kabla hajagusa usukani. Andika ni nani anabeba kiasi cha kwanza cha hasara. Siku za kuchelewa zigawanywe kwa sababu: hali ya hewa wagawane, hitilafu ya ndege mwenye ndege, kibali kilichochelewa kampuni, kwani hiyo ndiyo kazi iliyolipwa. Mkataba unaomtupia mnunuzi ucheleweshaji wote ndio wa kawaida kwenye rasimu ya kwanza. Rudisheni, hurekebishwa.

Ndege ikifika Julius Nyerere, maegesho yawe yamepangwa na TAA (Mamlaka ya Viwanja vya Ndege) na wakala wa forodha awe na nyaraka za TRA mkononi tangu juzi yake, maana ndege hiyo ni chombo na ni mzigo ulioagizwa kwa wakati mmoja. Kabla ya ukaguzi wa TCAA, injini zioshwe ndani kwa maji yasiyo na madini. Imetoka kutua na kupaa kwenye visiwa, chumvi ipo kwenye mapanga ya kompresa, na hewa ya Dar itaongeza. Kuosha ni asubuhi moja, kutu ya kompresa ni injini kufunguliwa.

Sehemu ya mwisho ya malipo, na sisi tunashauri isiwe chini ya moja ya kumi, ibaki mkononi hadi upokee vitabu vyote vya ndege na injini katika asili yake, kumbukumbu za sehemu zenye ukomo wa maisha tangu zilipotoka kiwandani, karatasi za oili na mafuta za kila kituo, risiti za mafuta, na orodha ya hitilafu za njiani iliyosainiwa na rubani. Marubani huondoka na ndege ya jioni hiyo hiyo, kwa hiyo saini hiyo ichukuliwe pale pale kwenye maegesho.